Bampa la Celica Kuukuu: Kulitengeneza au Kulibadilisha Bila Puti Kubanduka

Picha nilizotumiwa miezi hii zinafanana kama pacha. Bampa la mbele, ufa umezibwa, rangi imepakwa ikang'aa, kisha baada ya wiki chache puti, ile dawa nzito ya kuzibia na kusawazisha, imebanduka kipande kizima kama ganda la yai la kuchemsha. Mmoja yuko Fuoni, mwengine Bububu, hapa Unguja, wa tatu Chake Chake, Pemba. Magari mbalimbali, mafundi mbalimbali, kosa moja: kila mmoja alianza kuziba kabla hajajua bampa lake ni la plastiki gani.

Mfano ninaoutumia ni Toyota Celica ya kizazi cha mwisho, ya 1999 hadi 2006, yaani yenye namba za muundo ZZT230 na ZZT231, kwa sababu ndiyo niliyonayo mwenyewe na nimeshaifungua uso mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwenye Altezza au Integra atafuata hatua hizi hizi. Mwenye Mazda Roadster ya mwanzo asome Hatua ya 1 mara mbili, maana lake ni jengine.

Tenga siku tatu kamili. Anayekwambia bampa linatengenezwa asubuhi na jioni gari linaondoka, huyo ndiye anayetuletea zile picha.

## Vifaa: vikusanye kwanza

Usifungue hata skrubu moja kabla vitu vyote havijawa mbele yako. Gari lisilo na bampa likikaa nje wiki mbili wakati wa masika, plagi za taa zinaingia maji, na hapo umejiongezea kazi ya umeme.

Vya kufungulia

- Soketi ya milimita 10 na ekstensheni yake. Boliti nyingi za sehemu hii kwenye Toyota ni za 10.
- Bisibisi ya nyota, na ya bapa iliyozungushwa tepu ya umeme ncha yake isikwaruze rangi.
- Jeki na stendi mbili. Jeki peke yake si stendi, na tofali si stendi.
- Klipsi mpya za plastiki, kumi na tano hivi. Za zamani zimeshapikwa na jua, nusu yake zitavunjika mkononi.
- Trei tupu ya mayai ya kuwekea skrubu kwa mpangilio.
- Mkeka au blanketi la kulaza bampa.

Vya kuchomelea

- Pasi ya kulehemu ya wati 60 hadi 80 yenye ncha bapa. Ukiwa na bunduki ya hewa moto yenye kupimia joto, bora zaidi.
- Fimbo za plastiki ya aina moja na bampa lako. Zisipopatikana, kata vipande vyembamba kutoka bampa bovu lenye alama ile ile.
- Wavu mwembamba wa stenlesi. Wa chuma cha kawaida usiutie. Kwa hewa yetu ya bahari utashika kutu ndani kwa ndani.
- Keekee na bitsi ya milimita 3.

Vya kusugulia na rangi

- Msasa namba 80, 120, 180, 320, 600 na 800.
- Puti ya plastiki, ile inayopinda ikishakauka. Puti ya bati iache dukani.
- Sabuni ya vyombo na kiondoa grisi cha kazi ya rangi.
- Praima ya plastiki, ile ya wazi inayoshikisha rangi, na praima ya kujaza yenye hadina (dawa ya kugandisha).
- Rangi, klia (tabaka la juu la wazi linalong'arisha) na hadina yake, na thina ya kukauka polepole.
- Miwani, glavu, na barakoa yenye katriji za kuchuja mvuke.

Hiyo barakoa si ya mapambo. Hadina ya klia ina aisosianeti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu asiyekuwa nayo. Kitambaa ulichojifunga puani kinazuia vumbi, mvuke unapita kama haupo. Pesa zikikupungukia, nunua klia ya bei nafuu, barakoa usiipunguze.

## Hatua ya 1: Soma mgongo wa bampa

Hapa ndipo kazi inapofaulu au inapokufa. Ingia chini na tochi ya simu, tazama upande wa ndani. Kuna herufi zimepigwa mhuri kwenye plastiki yenyewe, baina ya alama mbili za mshale: >PP<, >PP+EPDM<, >TPO<, >PUR< au >ABS<. Mara nyengine tope limezifunika. Sugua kwa brashi na sabuni mpaka zionekane.

PP (polipropilini), PP+EPDM na TPO ni ukoo mmoja. Zinayeyuka, kwa hiyo zinachomeleka. Mabampa mengi ya kiwandani ya magari ya Kijapani yamo katika ukoo huu. Tatizo lake ni kwamba uso wake ni kama wa nta, haushikani na kitu. Ukiupaka gundi ya fibaglasi ni sawa na kumwaga maji juu ya jani la mgomba: yanakaa hapo yakikutazama, kisha yanateleza. Hii ndiyo siri nzima ya puti inayobanduka.

PUR ni poliuretani. Haiyeyuki, ukiipa moto inaungua na kutoa moshi. Mabampa ya Mazda Roadster ya kwanza, ya 1989 hadi 1997, ni ya namna hii. Haya usiyachomelee kabisa. Yanataka gundi maalumu ya sehemu mbili iliyoandikwa kuwa ni ya poliuretani, na wavu nyuma.

Fibaglasi haina mhuri. Utaitambua kwa nyuzi zinazoonekana upande wa ndani na ugumu wake. Ukiigonga inalia kama kigae. Mabampa ya kujipambia mengi ni haya. Hapa, na hapa tu, ile kazi ya kitambaa cha fibaglasi na gundi yake ni sahihi.

Mhuri umefutika? Chuna unywele wa plastiki kutoka ukingo wa ndani, uondoe rangi yote, uutie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. PP inaelea. ABS na PUR zinazama. Lakini jihadhari: PP iliyochanganywa na unga mwingi wa talki nayo inaweza kuzama. Kwa hiyo ongeza jaribio la pili: gusa upande wa ndani kwa pasi ya moto. PP inalainika, inakuwa kama gundi, na harufu yake ni ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. PUR inafuka moshi mkali na haiyeyuki.

Umefaulu ukiweza kusema kwa kinywa kipana: "Hili ni PP." Ukisema "nadhani", rudi chini ya gari.

## Hatua ya 2: Amua, kutengeneza au kubadilisha

Mie hupima hivi. Ufa ulionyooka, hata ukiwa wa shubiri mbili, unatengenezeka. Tundu dogo linatengenezeka. Sikio la skrubu lililokatika linatengenezeka, ingawa linakera.

Badilisha ikiwa kipande kimepotea na hukukiokota, ikiwa pembe inayokaa chini ya taa imechanika pande mbili, au ikiwa bampa lilishapigwa puti na watu watatu kabla yako. Hilo la mwisho watu hawalisikii. Utatumia siku nzima kuondoa uchafu wa wenzio kabla hujaigusa plastiki.

Ukiamua kununua la mtumba, angalia mambo haya. Sura ya mbele ya Celica hii ilibadilishwa mwaka 2002, bampa na taa pamoja, kwa hiyo usichanganye la kabla na la baada. Chukua picha ya gari lako kutoka mbele na namba ya chesisi unapokwenda dukani. Gonga bampa kwa vifundo vya vidole kutoka pembe hadi pembe: plastiki tupu inatoa sauti nyepesi, penye puti sauti inakufa. Geuza utazame nyuma. Wavu au gundi ikionekana, unanunua kazi ya mtu.

Na likiwa linatoka Dar, simamia mwenyewe lifungwe na lisimamishwe wima, au lilazwe juu ya mzigo. Langu la kwanza lilivuka kwenye boti chini ya magunia ya vitunguu. Nililipokea bandarini Malindi, Unguja, limejikunja kama kipande cha ngozi ya mbuzi juani. Lilirudi umbo, lakini kwa birika kumi na mbili za maji ya moto na maneno ambayo sitayaandika hapa.

## Hatua ya 3: Lifungue bila kulichana

Mabampa mengi hayavunjwi na ajali. Yanavunjwa na mwenyewe anapolifungua kwa hasira. Kuna skrubu moja hujaiona, unavuta, sikio linakatika.

1. Zima gari, toa waya hasi wa betri, subiri si chini ya sekunde 90. Vitambuzi vya mikoba ya hewa, ile inayofumuka ajali ikitokea, viko mbele huku, na mfumo unabaki na umeme kwa muda baada ya betri kutolewa.
2. Inua mbele kwa jeki, weka stendi, tia vigingi magurudumu ya nyuma. Kata usukani upande mmoja upate nafasi kwenye tao la gurudumu.
3. Anzia chini. Toa klipsi na boliti zote zinazoshika kava la chini ya injini kwenye bampa.
4. Nenda kwenye matao. Kila upande kuna skrubu inayounganisha bampa, fenda na plastiki ya ndani ya tao. Mara nyingi imejificha nyuma ya plastiki hiyo na imeshika kutu. Inyunyizie mafuta ya kulainisha, nenda ukanywe chai, urudi.
5. Fungua boneti, toa klipsi na boliti za juu kwenye mstari wa shoo, yaani wavu wa mbele wa gari.
6. Mwite mtu wa pili. Kila mmoja ashike pembe moja, avute kwa nje, kulielekea bega lake, mpaka ulimi utoke kwenye kishikizi cha chini ya taa. Usivute kwa chini wala kwa mbele. Hapo ndipo panapochanika.
7. Likishaachia pembe zote mbili, lisogezeni mbele kwa shubiri moja tu na msimame. Chomoa plagi za fogi (taa za ukungu) kama zipo. Nimemwona kijana ametembea na bampa hatua tatu huku waya zikiwa bado zimeshika.

Klipsi zikiwa ngumu kama mfupa, zimwagie maji ya moto kidogo kabla ya kuzibandua. Piga picha kila hatua kwa simu, skrubu zipange kwenye trei ya mayai: juu, kulia, kushoto, chini.

Umefaulu ikiwa bampa limelala juu ya mkeka na masikio yote yaliyokuwa mazima asubuhi yamebaki mazima.

## Hatua ya 4: Tazama kilichokuwa kimejificha

Ulichokitoa ni ngozi tu. Nyuma yake kuna sponji ngumu ya kunyonya kishindo, na nyuma ya sponji kuna mhimili wa chuma. Huo ndio unaokulinda.

Mhimili ukiwa umepinda, ubadilishe. Kuna wanaounyoosha kwa nyundo wakaupaka rangi, ukapendeza. Chuma kilichokunjwa na kunyooshwa hakina tena nguvu ile, na mikoba ya hewa imepimwa kwa kuhesabu nguvu ile. Sponji iliyokatika nayo ibadilishwe. Usijaze vipande vya godoro.

Mhimili ukiwa mzima lakini una kutu, na kwetu utakuwa nayo, usugue kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, paka dawa ya kutu, kisha praima ya zinki, kisha rangi nyeusi. Gari langu nalilaza mita mia tatu kutoka ufukweni na kazi hii naifanya kila bampa linapotoka.

Sasa angalia vishikizi vya pembeni, vile vipande vyembamba vya plastiki vilivyofungwa kwenye fenda chini ya taa. Hapa pana mtego. Watu wananunua bampa zima, wanalipaka rangi, wanalifunga, na pembe bado inaning'inia kama mdomo wa aliyenuna. Bampa halikuwa na kosa, kishikizi ndicho kilichovunjika. Ni kipande kidogo na bei yake ni rahisi kuliko ya bampa. Kibadilishe sasa.

## Hatua ya 5: Osha mpaka uchoke

Osha mbele na nyuma kwa sabuni ya vyombo na maji baridi, suuza, kausha. Kisha futa kwa kiondoa grisi: kitambaa kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kufutia kabla hakijakauka. Rudia mara mbili.

Petroli usiitumie. Inaacha mafuta na inazama ndani ya plastiki. Itatoka baadaye chini ya rangi yako kwa umbo la vitundu. Na usioshe baada ya kusugua msasa ukadhani umeokoa muda: msasa unausukuma uchafu ndani ya mikwaruzo.

Umefaulu ikiwa, juu ya rangi, maji yanatandaa badala ya kujikusanya matone.

## Hatua ya 6: Rudisha umbo kwanza, ufa baadaye

Bampa lililobonyea halitaki nyundo wala puti. Chemsha birika, mimina maji polepole juu ya bonde kutoka upande wa mbele, na mkono wenye glavu nene usukume kutoka nyuma. Plastiki itarudi yenyewe, utaisikia mkononi ikilegea ghafla. Papo hapo tia kitambaa chenye maji baridi, ushikilie dakika moja.

Maji yanayochemka hayawezi kuiyeyusha PP, ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, ndiyo maana birika ni salama kuliko bunduki ya hewa moto mikononi mwa asiyezoea.

Ukichomelea ufa kabla ya kurudisha umbo, umeufunga upogo ndani ya bampa.

## Hatua ya 7: Chomelea ufa

Kabla hujagusa bampa, fanya jaribio kwenye ukingo wa ndani usioonekana. Yeyushia kipande cha fimbo hapo, acha kipoe kabisa, kishike kwa koleo uvute. Kikibanduka kisafi, plastiki hazipatani. Tafuta fimbo nyengine. Kikinyofoka na nyama ya bampa, endelea. Dumu la mafuta ya kupikia na ndoo nyingi ni polithini, hazishikani na PP hata zikiyeyuka pamoja. Mtu mmoja wa Pemba alinitumia picha ya ufa ulioshonwa kwa dumu la manjano. Ulikuwa umeshonwa vizuri sana. Ulidumu siku nne.

1. Toboa tundu la milimita 3 pale ufa unapoishia. Bila tundu, ufa utaendelea kutembea chini ya rangi.
2. Kutanisha kingo mbili, ziwe sawa kabisa kwa mbele, na uzishike kwa tepu ya alumini.
3. Geuza. Kwa ncha ya pasi, shikiza ufa kwa nyuma kila sentimita mbili au tatu, kama fundi cherehani anavyopiga bandi kabla ya kushona.
4. Kwangua mfereji wa umbo la V juu ya ufa, wa kina cha nusu ya unene. Bampa lina unene wa milimita 3 hivi, kwa hiyo usizidi moja na nusu.
5. Jaza mfereji kwa fimbo. Lazima fimbo na bampa viyeyuke pamoja. Ukiyeyusha fimbo peke yake na kuidondoshea juu, umetengeneza nta juu ya meza. Kwa hewa moto, nyuzi 280 hadi 300 kwenye mdomo zinatosha. Kwa pasi, tembea taratibu. Ukiona rangi ya kahawia au moshi, joto limezidi na plastiki hiyo imekufa, ikwangue.
6. Kata wavu upana wa vidole viwili, uulaze juu ya mshono, uuzamishe kwa pasi mpaka plastiki ipande juu ya matundu yake. Funika kwa plastiki zaidi.
7. Acha upoe wenyewe. Usimwagie maji, ukipoa ghafla unajivuta.
8. Geuza mbele, toa tepu, kata V nyengine, jaza, acha kimo kizidi kidogo juu ya uso.

Fanya kazi hii mlango wazi na upepo unapita.

Masikio yaliyokatika hushonwa kwa njia hiyo hiyo, ila wavu uzunguke pande zote mbili na tundu la skrubu lichimbwe upya mwisho, baada ya kupoa.

Umefaulu ikiwa, baada ya saa moja, ukipinda bampa kwa mikono miwili mshono unapinda pamoja nalo, kimya. Ukisikia "tik", rudi namba 4.

## Hatua ya 8: Sawazisha

Sugua kilichozidi kwa 80, ukimaliza kwa 180. Usikandamize na usitumie mashine kwa kasi. PP ikipata joto inaota manyoya, na kadiri unavyosugua ndivyo yanavyozidi. Yakitokea, yakwangue kwa wembe uliolazwa, kisha endelea kwa mkono mwepesi.

Vishimo vidogo jaza kwa puti ya plastiki, baada ya kupaka praima ya plastiki ya wazi sehemu ile. Puti iwe nyembamba kama karatasi. Unapojikuta unataka kuipaka nene, maana yake mshono haukujazwa vizuri. Maliza uso mzima kwa 320.

Funga macho, pitisha kiganja. Kiganja kinaona mawimbi ambayo jicho halioni.

## Hatua ya 9: Lijaribishe kwenye gari kabla ya rangi

Wengi wanairuka hatua hii, khasa walionunua bampa jipya lisilo la kiwandani au la fibaglasi. Lifunge kwa skrubu nne tu. Angalia nafasi baina ya bampa na boneti, na taa, na fenda, kulia na kushoto. Kama linahitaji kukatwa, kutobolewa au kuvutwa, fanya sasa. Rangi mpya haisamehe.

## Hatua ya 10: Praima, rangi, klia

Namba ya rangi iko kwenye kibati cha utambulisho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, mbele ya herufi C/TR. 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Lakini jua letu limeshaifanyia kazi rangi ya gari lako kwa miaka ishirini, kwa hiyo mchanganya rangi apewe kifuniko cha tangi la mafuta akilinganishe kwa macho, asitegemee namba peke yake. Nyunyiza kwanza kwenye kadi, ikauke, uiweke juu ya fenda juani. Rangi za lulu zenye matabaka matatu mpe fundi rangi aliyezoea.

Chagua wakati. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, thina inayoruka haraka inaupoza uso, unyevu unatua, na klia inapauka kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ndiyo sababu ya thina ya polepole. Masika mie sipaki. Kusi lina upepo wa vumbi, basi mwaga maji sakafuni kabla ya kuanza. Saa nzuri ni saa tatu hadi saa tano asubuhi, umande umeshakauka na jua halijawa kali.

1. Futa kwa kiondoa grisi, acha kikauke.
2. Praima ya plastiki: tabaka moja au mbili nyembamba mno, uso mzima. Hii ndiyo inayoishika PP kwa niaba ya rangi yako. Usiisugue, na upake kinachofuata ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukichelewa, paka tena.
3. Praima ya kujaza, matabaka mawili. Ikikauka, msasa wa maji 600, kisha 800.
4. Rangi, matabaka mawili au matatu mepesi mpaka praima isionekane.
5. Klia, mawili. La kwanza jepesi, la pili limejaa.

Baina ya kila tabaka subiri mpaka uso ufifie mng'aro. Kwa praima ya kujaza na klia, uliza dukani dawa ya kulainisha ya mabampa. Bila hiyo tabaka linakuwa gumu kuliko plastiki iliyo chini yake, na litapasuka mara ya kwanza bampa likibonyezwa.

Umefaulu ikiwa, baada ya saa 24, ukibandika tepu ya karatasi kwenye ukingo wa ndani uliopakwa na kuing'oa kwa nguvu, inatoka tupu.

## Hatua ya 11: Lirudishe

Watu wawili tena. Unganisha plagi za fogi, lining'inize juu kwa klipsi mbili za katikati bila kukaza, kisha bonyeza pembe ndani ya vishikizi mpaka usikie mlio. Tia skrubu zote zikiwa legevu, zilinganishe nafasi, ndipo ukaze: juu, matao, chini. Kila boliti ipake grisi nyepesi. Utanishukuru siku ya kuifungua tena. Usikaze mpaka plastiki ibonyee.

Rudisha betri, washa taa, fogi na indiketa. Simama hatua tano mbele, uchuchumae. Mstari wa bampa na boneti uwe sawa kutoka taa hadi taa.

Usipake nta kwa siku thelathini. Klia bado inatoa thina. Ukitoka ufukweni osha kwa maji matamu, chini pia. Baada ya wiki moja ya matuta na barabara za mawe, lala chini tena na soketi ya 10 uzipitie boliti za chini, maana mbili au tatu zitakuwa zimelegea, na klipsi tatu za akiba zitie kwenye kijaluba cha dashibodi pamoja na tochi.